Maswali ya Wasomaji: Tabibu wa Saratani na Mgonjwa Asiyefanana Naye

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii mwezi huu zimetoka kwa watu wanaofanya kazi katika kliniki za saratani, au wanaowasindikiza ndugu zao huko. Karibu zote zinauliza jambo moja kwa njia tofauti: je, daktari au muuguzi anaweza kufundishwa kuzungumza na mgonjwa ambaye lugha yake, dini yake, elimu yake au maisha yake ya nyumbani hayafanani na ya kwake, na kama anaweza, afundishwe nini hasa? Nimechagua barua sita. Majibu yangu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Swali: Mimi ni mratibu wa mafunzo kazini katika hospitali inayotibu saratani. Nimepewa siku mbili za kuwafundisha madaktari na wauguzi namna ya kuzungumza na wagonjwa wa jamii mbalimbali. Mwenzangu ameandaa jedwali lenye majina ya jamii na dini upande mmoja, na upande wa pili mila zao kuhusu ugonjwa, kifo, na nani huamua mambo ya familia. Anataka tuligawe na kulisoma pamoja. Moyo wangu unasita, lakini sina cha kuweka mahali pake.

Jibu: Una haki ya kusita. Jedwali la namna hiyo humfanya mtoa huduma ajione kuwa ameshajua, na mtu aliyekwisha kujua haulizi tena. Uko utafiti uliofanyika Los Angeles na kuchapishwa mwaka 1995, ambao uliwahoji wazee 800 wa makundi manne kama mgonjwa aambiwe kwamba ana saratani iliyosambaa mwilini. Waliosema aambiwe walikuwa asilimia 88 ya Wamarekani weusi, asilimia 87 ya Wamarekani wenye asili ya Ulaya, asilimia 65 ya wenye asili ya Mexico na asilimia 47 ya wenye asili ya Korea. Anayezisoma takwimu hizi kwa haraka ataandika kwenye jedwali lake kwamba Wakorea hawataki kuambiwa. Lakini asilimia 47 ni karibu nusu ya watu, kwa hiyo daktari atakayelifuata jedwali hilo atakosea kwa takribani mgonjwa mmoja katika kila wawili, na atakosea pia kwa mgonjwa mmoja katika kila wanane wa lile kundi linalosemekana kupenda kuelezwa kila kitu. Takwimu za kundi zinamfaa mtu anayepanga huduma za hospitali nzima, kwa mfano anayetaka kujua waajiriwe wakalimani wa lugha zipi. Daktari aliyeketi na mgonjwa mmoja hazimwambii mgonjwa huyo anataka nini.

Mahali pa jedwali, weka maswali. Arthur Kleinman, daktari wa magonjwa ya akili ambaye pia ni mwanaanthropolojia wa Marekani, alichapisha pamoja na wenzake mwaka 1978 maswali machache ambayo bado hayajapitwa na wakati: unadhani ugonjwa huu umesababishwa na nini, unadhani ni mkali kiasi gani, umekuletea matatizo gani, na unaogopa nini zaidi. Katika saratani, hilo swali la hofu ndilo hufungua milango. Yupo mgonjwa anayekataa upasuaji kwa kuamini kwamba uvimbe ukifunguliwa na kupigwa na hewa saratani itasambaa. Yupo aliyetenga vyombo vyake ili asiwaambukize wanawe. Yupo anayeona kwamba ugonjwa ni adhabu ya jambo alilolitenda zamani, na kwa hiyo hastahili kutibiwa. Fikra hizi zimo kwa waliosoma na wasiosoma, na mwenye nazo hatajulikana kwa sura, kwa jina wala kwa mavazi. Ataulizwa, naye atasema, ikiwa aliyemuuliza ana subira ya kusikiliza.

Mwaka 1998 Melanie Tervalon na Jann Murray-García, madaktari wa California, walipendekeza kwamba tabibu asidaiwe kuwa mjuzi wa tamaduni za watu wengine, bali afundishwe unyenyekevu mbele yake: akubali kwamba mgonjwa ndiye anayeyajua maisha yake, na ajichunguze mwenyewe anaingia chumbani na dhana gani na mamlaka gani. Hili si jambo laini kama linavyosikika. Daktari aliyezoea kuuliza ili apate utambuzi wa ugonjwa huona shida sana kuuliza swali ambalo jibu lake hawezi kulisahihisha.

Sasa siku zako mbili. Asubuhi ya kwanza inatosha kwa maelezo. Saa zilizobaki zote ziwe za mazoezi, katika vikundi vya watu watano au sita, na wagonjwa wa kuigiza, mbinu iliyoanzishwa na Howard Barrows huko Los Angeles katika miaka ya 1960. Zoezi zuri halihitaji mambo makubwa. Mwigizaji anaingia kama mgonjwa wa miaka 60, akiwa na mwanamke mwenye umri mdogo kuliko wake. Daktari anawakaribisha, anamgeukia yule mwanamke na kusema, “Vizuri umemleta baba.” Mgonjwa anatazama chini, na kuanzia hapo anajibu kwa neno moja moja. Daktari hajui kilichotokea, anaendelea na majibu ya kipimo cha kipande cha nyama kilichokatwa kwenye uvimbe. Mkufunzi anasimamisha zoezi na kumuuliza daktari mwenyewe kwanza, kabla ya wenzake: “Umeona nini kilibadilika, na kilibadilika lini?” Kisha wanarudi hadi pale pale mlangoni, na safari hii daktari anauliza tu, “Umekuja na nani leo?” Mgonjwa anajibu kwamba huyu ni mke wake. Mazungumzo yaliyokufa dakika tatu zilizopita yanaenda. Kurudia papo hapo, mbele ya watu wanaokutakia mema, ndiko kunakofundisha. Mhadhara juu ya kutokukisia uhusiano wa watu ungesahaulika kabla ya chakula cha mchana.

Nikuonye jambo moja. Usimwandikie mwigizaji nafasi ya kuwa kabila fulani au dini fulani, kwa sababu atakayejitokeza ni kikaragosi, na washiriki wanaotoka katika jamii hiyo watakaa wakiumia kimyakimya. Mwandikie mtu: profesa asiyetaka kusikia takwimu hata moja, au mtu asiyejua kusoma anayetaka kujua kila kitu mpaka jina la kila dawa.

Swali: Nimetibu saratani kwa zaidi ya miaka ishirini, na wagonjwa wangu hunishukuru. Sasa uongozi unanitaka nikae mbele ya mwigizaji huku vijana niliowafundisha wakinitazama. Naamini kuzungumza na watu ni kipaji na malezi. Asiye nayo hafundishiki, na aliye nayo hahitaji. Zaidi ya hayo, kliniki yangu imejaa na sina muda wa mazungumzo marefu.

Jibu: Daktari, shukrani za wagonjwa wako ni za kweli na unazistahili, ila kama kipimo cha kueleweka kwako haziaminiki. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwahoji wagonjwa 1,193 waliokuwa na saratani ya mapafu au ya utumbo mpana iliyokwisha kusambaa na ambao walikuwa wamepewa tibakemikali, yaani dawa za kuua chembe za saratani. Katika hali hiyo dawa huweza kurefusha maisha na kupunguza maumivu, lakini kuponya si jambo la kutarajiwa. Asilimia 69 ya wagonjwa wa mapafu na asilimia 81 ya wale wa utumbo hawakuonyesha kuelewa hivyo. Jambo linalopaswa kutunyima usingizi ni kwamba wagonjwa waliowasifu sana madaktari wao kwa mazungumzo mazuri ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuelewa visivyo. Tena kutoelewa huko kulikuwa kukubwa zaidi kwa wagonjwa wasiokuwa weupe. Utafiti huo hauthibitishi sababu, lakini unatosha kutuonya kwamba mgonjwa anaweza kutoka chumbani akiwa ameridhika, amefarijika, na hajui hali yake.

Kuhusu kipaji, jaribio lililochapishwa nchini Uingereza mwaka 2002 na Lesley Fallowfield, Valerie Jenkins na wenzao liliwagawa kwa bahati nasibu madaktari wa saratani 160 kutoka vituo 34. Baadhi walihudhuria kozi ya siku tatu yenye maigizo na video. Wengine walipewa maoni ya maandishi tu juu ya mazungumzo yao. Wengine hawakupewa kitu. Waliohudhuria kozi walianza kuuliza maswali yaliyolenga zaidi na kuonyesha kuguswa na hali ya mgonjwa mara nyingi zaidi, na hayo yalionekana katika kliniki zao halisi zilizorekodiwa. Maoni ya maandishi pekee hayakusaidia kitu cha kutajwa. Kama ingekuwa ni kipaji tu, siku tatu zisingekibadilisha.

Na kuhusu muda, huenda unaogopa kitu ambacho hakipo. Howard Beckman na Richard Frankel walionyesha mwaka 1984 kwamba madaktari waliowachunguza walimkatiza mgonjwa baada ya wastani wa sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake. Mwaka 2002 watafiti huko Basel, Uswisi, waliwataka madaktari wasikatize kabisa, wakapima: wagonjwa 335 walizungumza kwa wastani wa sekunde 92, na wengi wao, asilimia 78, walimaliza ndani ya dakika mbili. Dakika mbili kliniki yako inazo.

Ombi lako ambalo hukuliandika, lakini nalisoma katikati ya mistari, ni kwamba hutaki kuaibika mbele ya wanafunzi wako. Hilo ni ombi la haki. Mwambie mwandaaji wa mafunzo awaweke mabingwa katika kikundi chao peke yao, na mkufunzi awe mtu wa hadhi yenu. Ukishapita wewe, vijana watapita bila kusukumwa.

Swali: Mama yetu alipogundulika na saratani ya kongosho, sisi watoto tulimwomba daktari asimweleze, kwa sababu ni mtu wa kukata tamaa upesi. Daktari akatujibu pale korido, watu wakisikia, kwamba sheria haimruhusu kudanganya. Akaingia akamweleza mama kila kitu kwa dakika chache na kutoka. Mama hakuuliza hata swali moja, na tangu siku hiyo hazungumzi juu ya ugonjwa. Je, hivi ndivyo wanavyofundishwa?

Jibu: Poleni sana. Hapana, wanaofundishwa vizuri hawafundishwi hivyo, ingawa daktari wenu alikuwa na nusu ya haki: habari za ugonjwa ni za mama kabla hazijawa zenu. Alichokosa ni kuzifikisha kwa namna ambayo mama angeweza kuzipokea, na kuwasikiliza ninyi kabla ya kuwakatalia.

Inafaa tukumbuke kwamba udaktari wenyewe haujakaa mahali pamoja katika jambo hili. Mwaka 1961 Donald Oken alichapisha dodoso alilowapa madaktari wa hospitali moja huko Chicago, na asilimia 90 walisema hupendelea kutomwambia mgonjwa kwamba ana saratani. Dodoso lilo hilo lilipotumika tena katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, asilimia 97 walipendelea kumwambia. Kwa hiyo daktari akiiona familia inayoficha kama watu wa nyuma, anasahau kwamba walimu wa walimu wake walificha vilevile, na kwa sababu zile zile za huruma.

Kinachofundishwa katika kozi nzuri ni hatua mbili. Ya kwanza ni kwa familia, katika chumba chenye mlango, si korido: “Naona mnampenda na mnataka kumlinda. Mnahofia nini kitatokea akijua? Yeye mwenyewe amewahi kusema anataka au hataki kujua?” Maswali haya hayamfungi daktari kwa ahadi yoyote, na mara nyingi hufichua kwamba watoto nao wameshindwa kulibeba jambo lenyewe. Ya pili ni kwa mgonjwa, kabla ya habari, na inatokana na utaratibu wa hatua sita unaoitwa SPIKES, ambao Walter Baile, Robert Buckman na wenzao waliuchapisha mwaka 2000: kwanza uliza mgonjwa anajua nini, kisha uliza anataka kujua kiasi gani. Kwa mama yenu ingekuwa hivi: “Mama, majibu ya vipimo yamefika. Wapo wanaopenda kuelezwa yote wao wenyewe, na wapo wanaopenda nizungumze kwanza na mtu wa nyumbani. Wewe ungependa tufanyeje?” Akisema “zungumza na binti yangu,” huo nao ni uamuzi wake, unaandikwa kwenye faili na unaulizwa tena wiki zijazo, kwa maana watu hubadilika. Akisema “niambie,” hakuna mwingine mwenye haki ya kujibu kwa niaba yake. Hapo daktari hutoa ishara ya kwanza, kwamba habari si nzuri kama ilivyotarajiwa, halafu husema jambo lenyewe kwa sentensi fupi, na kunyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Katika maigizo, karibu kila daktari hushindwa kuvumilia ukimya na kuanza kueleza dozi za dawa.

Bado hamjachelewa. Ombeni miadi mingine, na mumwombe muuguzi mnayemwamini awepo. Kabla ya siku hiyo, mmoja wenu akae na mama waandike maswali. Huko Australia, wagonjwa wa saratani iliyokwisha kuendelea waliopewa orodha ya maswali ya mfano kabla ya kumwona daktari waliuliza maswali zaidi ya mara mbili ya wenzao, kwa mujibu wa jaribio lililochapishwa mwaka 2007. Mtu asiyeuliza si lazima awe hataki kujua. Pengine hajui kama anaruhusiwa.

Swali: Ni muuguzi wa wodi ya tibakemikali. Wagonjwa wengi hawazungumzi lugha yetu, na tunawatumia watoto wao, au mfanyakazi wa usafi anayejua lugha hiyo, kutafsiri. Mkalimani wa hospitali yupo, lakini hupatikana kwa kuitwa mapema. Je, kuna ubaya gani ikiwa ujumbe unafika?

Jibu: Ubaya ni kwamba mara nyingi haufiki, na wewe huwezi kujua. Glenn Flores na wenzake walirekodi mazungumzo 13 ya kliniki ya watoto nchini Marekani yaliyopitia kwa wakalimani, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2003 walikuta wastani wa makosa 31 katika kila mazungumzo, ambapo asilimia 63 ya makosa hayo yangeweza kuathiri matibabu. Wakalimani wa hospitali nao walikosea, lakini makosa yao ya hatari yalikuwa asilimia 53, ilhali ya watu waliookotwa tu yalikuwa asilimia 77. Hiyo ilikuwa kliniki ya watoto. Katika saratani, ambako mtu hutakiwa kuridhia matibabu yenye madhara makali, sioni sababu ya kutarajia nafuu. Mtoto wa miaka kumi na mbili anayeambiwa amweleze mama yake kwamba titi litaondolewa atalisema kwa namna anayoweza kuivumilia yeye, au hatalisema. Kanuni za Marekani za mwaka 2016 zilikataza hospitali kumtegemea mtoto kwa ukalimani isipokuwa katika dharura, na huo ni mpaka unaostahili kuwekwa hata mahali ambapo hakuna kanuni.

Kama mkalimani lazima aitwe mapema, basi liwe jambo la karatasi ya miadi: lugha ya mgonjwa iandikwe siku ya rufaa, na mkalimani apangwe siku hiyo hiyo. Akishafika, kuna mambo ya kufundishwa ninyi, si yeye. Mpe dakika mbili nje ya mlango umwambie kama habari ni mbaya, asije akazisikia kwa mara ya kwanza mbele ya mgonjwa. Akae kando ya mgonjwa au nyuma yake kidogo, ili macho yako yabaki kwa mgonjwa. Sema “wewe unasikiaje maumivu,” wala si “muulize anasikiaje.” Sema sentensi moja au mbili, kisha ngoja. Mgonjwa akizungumza kwa dakika nzima na wewe ukaletewa maneno manne, omba kwa upole yaletwe yote. Baada ya kikao kizito muulize mkalimani yeye mwenyewe yuko salama. Anabeba kauli za vifo vya watu wengi, na ni nadra mtu kumkumbuka. Mgonjwa kiziwi anastahili hayo hayo kwa mkalimani wa lugha ya alama. Kuandikiana kwenye karatasi hakutoshi, kwa kuwa lugha inayoandikwa huenda si lugha yake ya kwanza.

Swali: Natibiwa saratani ya titi. Kila ninaloambiwa kliniki naitikia, nikifika nyumbani sikumbuki. Sikusoma sana, naona haya kuuliza. Je, kosa ni langu?

Jibu: Dada yangu, kosa si lako. Aliyekueleza ndiye mwenye kazi ya kuhakikisha amejieleza, na ipo njia rahisi ambayo wauguzi na madaktari hufundishwa: badala ya kuuliza “umeelewa?”, swali ambalo kila mtu hulijibu kwa ndiyo, humwomba mgonjwa arudie kwa maneno yake. Mfano ni homa baada ya dripu ya dawa, kwa sababu chembe nyeupe za damu zikishuka maambukizi madogo huweza kuua. Muuguzi anasema: “Nataka nijue kama nimekueleza vizuri. Ukipata homa usiku wa Jumamosi, utafanya nini?” Ukijibu kwamba utakunywa dawa ya kutuliza homa na kungoja kliniki ya Jumatatu, yeye ndiye anayejua sasa kwamba hakueleza, na ataanza upya: kipimajoto kikionyesha nyuzi 38 au zaidi, unakwenda hospitali saa hiyo hiyo, na unawaambia mlangoni kwamba unapewa tibakemikali.

Asipokuomba urudie, anza wewe: “Naomba nirudie nilivyoelewa, unisahihishe.” Na akikutajia asilimia, mwombe akuambie ni watu wangapi kati ya watu 100. Hata waliosoma sana huelewa hivyo kwa wepesi zaidi, ila hawasemi.

Swali: Ni mkurugenzi wa hospitali. Tumetumia fedha kuwafundisha watumishi 40, na bodi inauliza tumepata nini. Fomu za kuridhika za wagonjwa hazijabadilika. Nijibu nini?

Jibu: Ijibu bodi kwa ukweli, ambao una pande mbili. Mapitio ya mtandao wa Cochrane, unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyohuishwa mwaka 2018 yalikusanya majaribio 17 ya mafunzo haya kwa wahudumu wa saratani. Waliofundishwa waliuliza maswali ya wazi zaidi, walionyesha kuguswa zaidi, na walipunguza ile tabia ya kumwaga taarifa tupu. Lakini hayakuonyesha kwamba wagonjwa wao walipungukiwa na wasiwasi au waliridhika zaidi. Kwa hiyo fomu zenu kutobadilika si ajabu. Wagonjwa wengi hutoa alama za juu tangu mwanzo, hasa wanaohofia kwamba lawama itawaharibia matibabu, na wale wasioweza kuisoma fomu hawamo kabisa katika hesabu yenu.

Pimeni kitu kilicho karibu zaidi na kilichofundishwa. Rekodini sauti za mazungumzo machache, kwa ridhaa ya mgonjwa, kabla ya mafunzo na miezi mitatu baadaye, mtu asiyejua ipi ni ipi asikilize kama mgonjwa aliulizwa anachotaka kujua na kama aliombwa kurudia alichoelewa. Kisha chambueni majalada: kati ya wagonjwa wanaohitaji mkalimani, wangapi walimpata siku ya kupewa majibu? Ni wangapi wameandikiwa kwenye faili nani aelezwe habari zao? Tenganisheni majibu kwa lugha na kwa kiwango cha elimu, kwa kuwa wastani wa hospitali nzima unaweza kupanda huku waliokuwa nyuma wakibaki pale pale.

Tengeni pia fedha za mafunzo rejea. Wale madaktari wa Uingereza niliowataja walifuatiliwa miezi 12 baada ya kozi, na ustadi wao mwingi ulikuwa haujapotea. Walikuwa hata wamepunguza kumkatiza mgonjwa. Kilichokuwa kimeshuka ni kauli za kuonyesha kuguswa na hali yake. Nikipewa nafasi ya kupanga bajeti yenu, ningeweka nusu siku ya maigizo kila mwaka kwa kila mtumishi, na ningeanza na kliniki zenye foleni ndefu kuliko zote.